Mwenye ndoano na mwenye wavu wafuate msimu mmoja

Kwa miaka mingi, mvuvi wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania aliyerudi mwaloni na sangara wa sentimita 90 alikuwa na kesi ya kujibu. Kanuni zilimruhusu kuvua sangara wa kuanzia sentimita 50 hadi 85. Aliye chini ya hapo bado mtoto. Aliye juu ya hapo ni mzazi, aachwe azae. Sangara wa urefu huohuo, katika ziwa hilohilo, akivutwa na mgeni aliyekodi boti na fimbo ya kuvulia, mambo hubadilika. Hupimwa, hubebwa kifuani, hupigwa picha, na picha hiyo hutumika kuwaita wageni wengine waje kumtafuta aliye mkubwa zaidi. Samaki ni mmoja, lakini mvuvi mmoja huitwa mharibifu na mwingine mwanamichezo.

Sina ugomvi na uvuvi wa burudani. Ni mchezo wa subira na maarifa, humfundisha mtu kuyasoma maji, na ukisimamiwa vizuri unaweza kuviletea fedha vijiji vya kando ya maziwa na mito bila kumaliza samaki. Ninachosema ni hiki: sheria ya msimu na zana ina kazi moja, nayo ni kumlinda samaki anapozaa na anapokua. Kwa hiyo imguse kila anayemfuata samaki huyo, awe anatafuta kitoweo, fedha au starehe. Na kama kuna anayepaswa kutangulia kuitii, ni yule ambaye akikosa samaki halali njaa.

Tuanze na samaki mwenyewe, maana kanuni isiyomjua samaki ni amri tupu. Wazee wanaoishi kando ya mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Mara na Kagera wanamjua ningu. Huyu hukulia ziwani lakini huzalia mtoni. Mvua zikishika na mto ukawa mwekundu kwa udongo, ningu hukusanyika mdomoni mwa mto, majike wakiwa wamejaa mayai, kisha hupanda kwa makundi wakikata mkondo hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Huko hutaga, mayai huanguliwa haraka, na maji yanapopungua vifaranga hushuka kurudi ziwani. Safari yote hiyo hutegemea siku chache za mafuriko na mlango mmoja mwembamba. Anayeziba mlango huo kwa nyavu katika siku hizo havui samaki wa mwaka huu peke yao. Anavua na wa miaka inayofuata.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1905 nyavu za kutega kutoka Ulaya ziliingia Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Zilivua kuliko mitego ya asili iliyosukwa kwa mafunjo na fito, na baada ya muda zikasogezwa hadi midomoni mwa mito. Ilipofika miaka ya 1960, wataalamu walikuwa wanaandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyoporomoka. Mwaka huohuo wa 1905, juu katika milima ya Aberdare, mlowezi Ewart Grogan alipandikiza samaki trauti wa asili ya Scotland katika Mto Gura, ili wapenzi wa fimbo wapate mchezo wao wa nyumbani. Trauti, samaki mgeni, aliwekewa kanuni za kumtunza: leseni, fimbo, na chambo bandia kinachofungwa kwa nyuzi na manyoya kikafanana na mdudu. Baadaye akajengewa hata kituo cha kumzalisha, Kiganjo, karibu na Nyeri. Ningu, mwenyeji aliyelisha vijiji vizima, ulinzi wake ulichelewa.

Trauti hana kosa, na mito ya Mlima Kenya na Aberdare imekuwa shule nzuri ya uvuvi wa fimbo. Lakini historia hiyo inaonyesha ufa ambao haujazibwa hadi leo. Kanuni zetu zilizaliwa zikiwa mbili. Moja ililinda starehe ya wachache, ikawahi na ikasimamiwa vyema. Nyingine ilihusu riziki ya wengi, ikaja kwa kuchelewa na kwa mkono mzito. Mvuvi wa mwaloni anapoitazama sheria kwa mashaka, mashaka yake yana mizizi mirefu.

Ngege naye ana somo lake. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza Michael Graham aliupima uvuvi wa Ziwa Victoria lote, akaona kwamba ngege, samaki wa ukoo wa sato aliye wa asili ya ziwa hilo, anazidi kupungua kwenye nyavu. Alishauri nyavu zisiwe na macho yaliyo chini ya inchi 5, na katika miaka ya 1930 ushauri huo ukawa sheria. Ulikuwa ushauri wa mtu anayemjua samaki: jicho la ukubwa huo humpitisha ngege mdogo na kumshika yule ambaye amekwisha kuzaa. Lakini usimamizi ulilegea, samaki wakapungua, wavuvi wakataka macho madogo zaidi ili wapate chochote, na katika miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 sheria hiyo ikafutwa. Ngege hakuinuka tena. Leo anayetaka kumwona inabidi amtafute katika maziwa madogo na mabwawa ya pembeni, kwa sababu katika ziwa lake mwenyewe karibu ametoweka.

Kwa upande wa msimu, wapenzi wa fimbo wana historia yao ya kujivunia. England ilipitisha mwaka 1878 sheria ya kuwapumzisha samaki wa maji baridi wakati wa kuzaa. Aliyeipeleka bungeni ni A. J. Mundella, mbunge wa Sheffield, na waliomsukuma ni wavuvi wa fimbo wa mji huo wa viwanda, watu wa mshahara mdogo waliokuwa wanaona mito yao ikiisha samaki. Wao wenyewe ndio waliotaka wafungiwe. Hadi leo, mtu wa England hagusi samaki hao mtoni kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, na tarehe 16 Juni huwa sikukuu kwake. Zambia nayo hufunga maji yake mengi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, mvua zinapojaza mito na samaki wanapotaga. Mwenye kambi ya wageni upande wa Zambia wa Mto Zambezi, anayeishi kwa kuwapeleka watu kuvua tigafishi mwenye meno ya kutisha, hupanga kalenda yake kuzunguka miezi hiyo, na wageni humfuata.

Tukiiga, tuige nidhamu, tusiige tarehe. England samaki hutaga maji yanapopata joto baada ya majira ya baridi. Kwetu, karibu na ikweta, anayewaita samaki ni mvua. Ningu hupanda mvua za masika na hupanda tena za vuli, na mvua zenyewe siku hizi haziji kwa wakati tuliouzoea. Tarehe iliyopangwa ofisini miaka kumi iliyopita inaweza kuufunga mto wakati hauna samaki na kuufungua wakati mdomo wake umejaa mayai. Kwa mito, afisa uvuvi wa wilaya awe na mamlaka ya kufunga pale maji yanapoanza kupanda na kufungua yanaposhuka, kwa tangazo linalofika kijijini siku hiyohiyo. Simu na redio za jamii zipo. Wazee wanaojua rangi ya maji wapo pia, na hawajaulizwa.

Sato anahitaji kanuni ya aina nyingine. Huzaa karibu mwaka mzima, kwa hiyo kumfungia miezi miwili hakumsaidii sana. Anachohitaji ni mahali. Dume huchimba kiota cha duara katika maji mafupi ya pwani ya ziwa, jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yake na kuyaatamia mdomoni mpaka vifaranga waweze kuogelea wenyewe. Mtoe jike huyo majini, na katika hofu atatema alichobeba. Nimeona sato akilazwa juu ya ubao wa mtumbwi na vifaranga wakamwagika kutoka kinywani mwake, wadogo kama punje za uwele, kila mmoja na macho mawili meusi, wengine wakiwa bado wanarukaruka. Mvuvi aliwakusanya kwa kiganja akawarudisha ziwani, lakini mama hakuwepo tena wa kuwapokea. Ndiyo maana kokoro limepigwa marufuku katika nchi zote tatu zinazolizunguka Ziwa Victoria. Hukokotwa chini hadi ufukweni, likafuta viota, mayai na vifaranga kwa mpigo mmoja.

Lakini boti ya starehe inayotia nanga juu ya mazalia hayohayo na kutoa sato mmoja baada ya mwingine tangu asubuhi hadi jua kuzama inakwenda kinyume na lengo lilelile. Mazalia ni mazalia, hata kama zana ni ndogo. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, inatuonyesha njia: uvuvi wa biashara hauruhusiwi katika maji yake, na mgeni anayetaka kuvua kwa fimbo huvua kwa kibali cha hifadhi. Maji yaliyopumzishwa namna hiyo hulisha na maji yaliyo wazi, kwa sababu samaki hajui mpaka wa hifadhi. Kila wilaya ya ziwa ingeweza kuwa na ghuba moja au mbili za namna hiyo, zilizochaguliwa na wavuvi wenyewe kwa kuwa wao ndio wanaojua sato anapozalia.

Sangara ndiye mwenye mjadala mkubwa kuliko wote. Naye ni mgeni. Aliletwa kutoka Ziwa Albert katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miongoni mwa sababu zilizotajwa na watetezi wake ilikuwa kwamba angewapa watu mchezo mzuri wa fimbo. Matokeo yake yanajulikana dunia nzima: katika miaka ya 1980 furu wa aina nyingi, ambao hawakuwa mahali pengine popote, walitoweka. Hilo haliwezi kurudishwa nyuma. Leo sangara amebeba viwanda vya minofu, ajira za mwaloni, na karo za watoto wa Mwanza, Kisumu na Jinja. Wapenzi wa fimbo, ambao starehe yao ilitumika kama hoja ya kumleta, wana deni kwa ziwa hili. Deni hilo hulipwa kwa kuwaacha wazazi wake hai.

Kwa nini wazazi? Sangara dume hukomaa mapema na hakui sana. Jike huchelewa kukomaa, lakini huendelea kukua, na yule anayemshangaza kila mtu kwa ukubwa karibu daima ni jike. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kumwondoa mmoja wa namna hiyo si sawa na kuwaondoa wadogo wenye uzito uleule. Bahati mbaya huyohuyo ndiye anayewindwa na kila mtu. Mfanyabiashara wa mabondo humtaka kwa sababu bei ya bondo, yaani kibofu cha hewa kilichokaushwa na kusafirishwa hadi masoko ya China, hupanda kwa ukubwa wake. Mvuvi wa fimbo humtaka kwa sababu ya sifa: rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa fimbo ni samaki wa zaidi ya kilo 104, kutoka Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, na wapo wengi wanaoota kuivunja.

Kikomo cha juu cha sentimita 85 kimebishaniwa sana. Wapo wanaosema wavu hauchagui: sangara mkubwa akishanaswa usiku na kufa, kumtupa asubuhi ni hasara isiyomsaidia mtu wala samaki. Kwa mwenye wavu hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana mjadala unastahili kuendelea. Kwa mwenye fimbo haina uzito wowote. Yeye huvua mmoja mmoja, humwona samaki wake akiwa hai, na anaweza kumwachia. Kwa hiyo, sheria ya wavu iwe imeamua vipi, hakuna sababu ya mvuvi wa burudani kumuua sangara aliyezidi sentimita 85 mahali popote katika ziwa hili. Liandikwe kwenye kila leseni.

Kumwachia nako kuna kanuni zake, na hapo ndipo zana inapokuwa jambo la uhai na kifo. Bondo lile linalouzwa ghali ni kibofu cha hewa kinachomsaidia sangara kukaa kwenye kina anachotaka. Akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa iliyomo hutanuka, tumbo huvimba, macho hutoka. Ukimrudisha majini huelea ubavu, hawezi kuzama, na hata kama hana jeraha amekwisha kufa. Anayevua ili aachie asivue kwenye kina kirefu. Hiyo ni kanuni ya kwanza, na haina gharama.

Ya pili ni ndoano yenyewe. Chambo bandia kingi kinachokokotwa nyuma ya boti kina ndoano za makucha matatu, mbili au tatu kwa chambo kimoja. Samaki akijipinda, moja huwa mdomoni na nyingine jichoni au kwenye matamvua. Ndoano moja yenye ncha moja inatosha. Kile kijino cha nyuma kinachoizuia isichomoke kibanwe kwa koleo mpaka kilale. Kazi ya dakika moja, na ndoano hutoka bila kuchana nyama. Kwa wanaotumia chambo cha nyama, ipo ndoano iliyopinda kama duara ambayo humshika samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni. Mshipi uwe imara ili pambano liwe fupi, kwa sababu samaki aliyepigana mpaka akalegea hana nguvu ya kupona. Wavu wa kumpokelea uwe wa mpira laini usio na mafundo. Mikono ilowe maji kabla ya kumshika. Asining'inizwe kwa taya, maana uzito wa mwili wake mkubwa hujeruhi viungo ambavyo majini havibebi uzito wowote. Na picha ipigwe kwa muda ambao anayemshika anaweza kubana pumzi yake. Akihitaji kuvuta hewa, samaki naye anahitaji maji.

Kanuni hizo zinamfaa na trauti, pamoja na moja ya kwake. Trauti ni samaki wa maji yenye ubaridi. Kiangazi kikikaza, mito ya mlimani ikapungua na maji yakapita nyuzi 20 za sentigredi, oksijeni huwa haba na samaki aliyechoshwa kwenye mshipi hufa hata akirudishwa kwa uangalifu. Siku za namna hiyo uvuvi wa mchana usimamishwe. Liko na suala la chambo hai: kusafirisha samaki hai kutoka maji haya kwenda maji mengine kupigwe marufuku kabisa. Eneo linalokumbuka yaliyomkuta furu halipaswi kuhitaji kukumbushwa sababu.

Sasa nije kwenye haki. Mwaka 2017 Uganda ilipeleka jeshi ziwani kupambana na uvuvi haramu. Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilipita katika mialo ya Tanzania, na nyavu haramu zikachomwa moto mbele ya wenyewe. Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikisimamisha uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa hilo, ili dagaa na migebuka wapate nafasi ya kuzaliana. Naunga mkono lengo la hatua hizo. Lakini tusijidanganye kuhusu anayelipa. Kwa mwenye chombo cha dagaa wa Kigoma au Rukwa, miezi mitatu ni unga, ni karo, ni mkopo wa mashine ya boti ambao riba yake haisimami kwa sababu ziwa limefungwa. Mama anayeanika dagaa mchangani naye huhesabu miezi hiyohiyo, ingawa jina lake halimo kwenye leseni yoyote.

Mwambie mtu huyo aweke nyavu zake ghalani, halafu siku ya pili aone boti ya starehe ikipita na fimbo zimesimama nyuma. Hapo sheria imekufa, hata kama fimbo hizo hazitatoa samaki wa kuhesabika. Usimamizi wa maziwa yetu hutegemea vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, yaani watu wa mwalo wenyewe wanaokubali kumkataza jirani na wakati mwingine ndugu. Mtu hawezi kumkataza jirani yake kwa sheria ambayo haimhusu aliye tajiri kuliko wote wawili.

Nitajibiwa kwamba wavuvi wa burudani ni wachache mno, na samaki wao ni tone kwenye ziwa. Ni kweli kwa hesabu ya kilo. Si kweli kwa hesabu ya uzazi, kwa sababu wao hufunga safari kwa ajili ya wale wakubwa, na huwatafuta mahali na wakati wanapokusanyika. Nitajibiwa pia kwamba masharti yatawafukuza wageni na fedha zao. Zambia na England zinaonyesha vingine. Mvuvi wa fimbo hafukuzwi na miezi ya kufungwa. Hufukuzwa na maji yasiyo na samaki wakubwa. Anaposikia kwamba mto fulani hupumzishwa na kulindwa, hapo ndipo hujua kwamba safari yake haitakuwa bure.

Nitaulizwa mwisho kama namtaka kila mtoto anayekaa jiweni na ndoano moja na nyungunyungu akakate leseni. Hapana. Mtoto huyo anajifunza maji yake na anapeleka kitoweo nyumbani. Yeye aambiwe mazalia yako wapi na asiyaguse, inatosha. Ninaowazungumzia ni watu wazima wenye boti, fimbo na kamera, na makampuni yanayowatoza fedha ili wavue.

Yanayohitajika si mengi wala si magumu. Kila ziwa na kila mto wenye uvuvi wa burudani uwe na karatasi moja ya kanuni zake, kwa Kiswahili kinachoeleweka, inayotaja samaki, vipimo, zana, mazalia na msimu. Ibandikwe mwaloni, kwenye lango la hifadhi na kwenye kaunta ya hoteli, ileile, ili mgeni na mwenyeji wasome maneno yaleyale. Pale nyavu zinapopumzishwa kwa ajili ya samaki fulani, ndoano ya starehe nayo imwache samaki huyo. Ndoano iwe moja, isiyo na kijino. Sehemu ya ada ya leseni irudi kwa BMU ya maji yale, ilipe mafuta ya doria ya mazalia. Kijana wa mwalo apewe mafunzo na kibali cha kuwaongoza wageni, ili naye ale kutokana na sangara aliyeachiwa kama alivyokula kutokana na sangara aliyeuzwa. Na kila samaki aliyevuliwa kwa fimbo aandikwe: aina, urefu, tarehe, mahali. Watafiti wa uvuvi wa TAFIRI ya Tanzania, KMFRI ya Kenya na wenzao wa Jinja, Uganda, hawawezi kuwa kila mahali. Wavuvi wa fimbo wanaweza kuwa macho yao, hasa kuhusu wale samaki wakubwa ambao ni nadra kuonekana kwenye nyavu wakiwa hai.

Mengi ya haya hayahitaji kungoja bunge. Wenye hoteli na makampuni ya kuvulisha wageni wanaweza kuanza kabla ya masika yajayo: wabane vijino vya ndoano zao, waondoke kwenye midomo ya mito maji yanapopanda, waache kutangaza picha za sangara waliouawa, na wafunge shughuli siku ileile nyavu zinapofungwa. Wakifanya hivyo kwa hiari, kama walivyofanya wale wavuvi wa Sheffield, watakuwa na haki ya kuketi kwenye mkutano wa mwalo na kumwomba mwenye wavu naye apumzike. Kabla ya hapo, hawana.